Kuipa Kontena Chai

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nimepewa bure na watu wa bima waliokuja ofisini kutuuzia maneno. Na kwa kuwa ni Ramadhani na nimeweka nia ya kupunguza kusema watu, nitawasemea humu humu.

Ila leo sina wa kumsema, leo najisifu. Nimemaliza kiolezo changu. Ofisi yetu iko Chang'ombe, juu ya karakana ya madirisha ya vyuma, na kazi yetu ni kuzitengenezea programu yadi kumi na nne za kontena kule Kurasini. Kila yadi ina tableti. Kontena ikifika, karani anasoma stika iliyobandikwa mlangoni, anaingiza tarehe iliyopigwa dawa ya wadudu, na tableti inatoa jibu: kijani FUNGUA, au nyekundu SUBIRI. Maana mchele na kunde vinasafirishwa na gesi ya kuulia wadudu ndani ya lile bati lililofungwa, na gesi hiyo haichagui mdudu na mtu.

Tatizo kila yadi na mambo yake. Hii mageti mawili, ile matatu, ile inataka nembo yake iwe kubwa kuliko ya jirani. Mwaka jana tulikuwa tunaandika moja moja kwa mkono, tunakonda. Sasa naandika mara moja tu. Panapotakiwa jina la yadi au idadi ya mageti naacha pengo, kompyuta inachukua orodha, inajaza mapengo, inatema programu kumi na nne nzima nzima. Nimebonyeza, dakika moja, zote hizo hapo.

Jioni nilimwelezea Mama Loveness. Ni jirani yangu, tumepanga nyumba moja, ukuta wetu mmoja, na anashona sare za shule hapo barazani.

"Ni kama wewe na ile karatasi yako ya kukatia mashati," nikamwambia. "Karatasi moja, mashati arobaini."

Akatoa pini mdomoni. "Na ukikosea karatasi je?"

"Mie sikosei, Mama Loveness."

"Haya, mama. Mie nilishawahi. Darasa la tatu zima lilivaa mikono mifupi mwaka mzima."

Nilicheka mpaka nikashikwa na kwikwi, na saumu yangu.

Jumatano, 5 Machi

Joto. Umeme umekatika mara mbili. Nimefuturu uji na hasira.

Jumatatu, 10 Machi

Nimegombana na Anwar. Huyu ndiye mwenzangu ofisini, kijana mpole wa Mbagala, fundi viraka namba moja. Kitu kikiharibika yeye hatafuti chanzo, anaziba tu palipovuja, anaenda kula chipsi.

Leo nimeongeza kitu kidogo kwenye kiolezo, nikabonyeza kitoe programu upya. Kompyuta ikaniuliza: programu ya yadi namba sita imebadilishwa kwa mkono, nifute niandike upya? Nilijua tu ni nani. Nikabonyeza ndiyo bila hata kuangalia alichoweka, nikaenda mezani kwake.

"Anwar, ukutani pale pameandikwa nini?"

Ni karatasi niliyoibandika mwenyewe kwa herufi kubwa: KILICHOANDIKWA NA MASHINE KISIGUSWE KWA MKONO.

"Nimeona, sista. Ila ile ya yadi sita kuna ishu ya..."

"Hakuna ishu. Ukiwa na ishu, njoo kwenye kiolezo, siyo kwenye programu iliyokwisha toka. Ukiziba shati moja na karatasi ni ileile, unanisaidia nini?"

"Sawa, sista," akasema. Bosi wetu, Allen, alikuwa mlangoni anatabasamu. Anapenda nikiwa mkali, anasema ofisi inaonekana ya kizungu.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepeleka tambi kwa Mama Loveness, nikafuturu nao barazani. Mumewe, Nikodemu, sie wote tunamwita Baba Loveness, ni kuli yadi namba sita. Ndiye anayefungua milango ya kontena na kuingia wa kwanza. Mtu wa Newala, mabega kama mlango wa godauni, sauti ndogo.

"Mdogo wangu, mashine yako imetuharibia chai," akaniambia.

"Kivipi tena, kaka?"

Akanihadithia. Zamani kabla ya tableti, walikuwaga wanafungua milango yote miwili, wanaiegemeza na mawe, halafu genge zima linakwenda kukaa kwa mama wa chai. Siyo kunywa wima, hapana, ni kukaa. Kikombe kizima kila mtu, na hakuna kuanza kazi mpaka wa mwisho amemaliza. Wanaita kuipa kontena chai. Nani aliwafundisha hajui, aliwakuta makuli wa zamani wanafanya hivyo, wakati wa mababa zao.

"Sasa mnyapara hataki tena. Anasema kijani ni kijani, ingieni."

"Si ndiyo mambo hayo! Saa nzima mlikuwa mnapoteza."

"Kweli," akasema. "Na mie nawaambia wenzangu, msiogope, hii kaitengeneza mdogo wangu, ukuta kwa ukuta."

Nilijisikia vizuri, nisiseme uongo.

Jumanne, 18 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Mtaro umefurika, mafundi wa chini wamehamishia madirisha yao kwenye ngazi zetu.

Ijumaa, 21 Machi

Mvua tangu alfajiri. Baba Loveness amerudi amelowa chapachapa, anacheka kwamba karani wao leo kafanya kazi na mwavuli mkononi, na karatasi za mlangoni zimekuwa uji. Nilimsikia kwa sikio moja. Nguo zangu zilikuwa kwenye kamba.

Jumatatu, 31 Machi

Idd Mubarak kwangu. Nimepika biriani mwenyewe, haikuungua. Baba Loveness amekula vijiko vitatu akasema kichwa kinamgonga.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Usiku huu nasikia kikohozi ng'ambo ya ukuta. Kikavu.

Jumatatu, 7 Aprili

Baba Loveness kaenda zahanati. Malaria hakuna. Wamempa dawa za taifodi, maana siku hizi ukikosa malaria unapewa taifodi, huondoki mikono mitupu. Anasema kifua kinabana, na mdomoni ana ladha kama kalamba msumari.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua. Kikohozi.

Jumatano, 9 Aprili

Mvua. Kikohozi. Amekaa nyumbani, hana nguvu.

Alhamisi, 10 Aprili

Mvua. Kikohozi kidogo.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo hakukohoa. Nilimkuta barazani ananyoa ndevu, anamwimbia Loveness. Nikamwambia Mama Loveness, alhamdulillah, taifodi imesikia dawa.

Akasimamisha cherehani. "Najma, nikwambie kitu? Dawa alitapika yote siku ileile, hajameza hata kimoja."

"Sasa kaponaje?"

"Ndiyo najiuliza. Akikaa nyumbani anapona. Akienda kazini anarudi nacho."

Alisema hivyo akaendelea kushona. Mie nikaingia chumbani nikakaa kitandani. Karatasi za mlangoni zimekuwa uji. Aliniambia hivyo tarehe ishirini na moja, nimeiandika mwenyewe humu, nimeirudia kuisoma sasa hivi. Kama karatasi imekuwa uji, karani anaandika nini?

Kompyuta iko hapa kwenye begi. Sijaifungua. Nimechoka, wikiendi imeanza, na huenda ni vumbi tu la mchele.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimefua. Nimefua hata mapazia. Begi liko palepale.

Jumapili, 13 Aprili

Naogopa. Nitaliandika hivyohivyo. Nimekaa na begi miguuni siku nzima na siwezi kufungua zipu. Nikifungua nikakuta kitu, basi kipo. Baba Loveness anasema yuko fiti, kesho anarudi kazini. Nilitaka kumwambia asubiri. Nikamwambia, "Haya kaka, Mungu akutangulie."

Jumatatu, 14 Aprili

Nitaandika yote, kwa mpangilio, kwa sababu nitaulizwa.

Saa mbili asubuhi nilifungua kumbukumbu za mfumo. Nikatafuta kontena zilizoingizwa bila tarehe ya dawa. Februari: tatu. Tangu mvua zianze: mia mbili na kumi na mbili. Zote, moja baada ya nyingine, kijani. FUNGUA. FUNGUA. FUNGUA.

Nikafungua kiolezo. Mstari upo, wangu, nimeuandika Januari jua likiwaka: kama tarehe haipo, kontena haijapigwa dawa, toa kijani. Kichwani mwangu karani akiacha tupu ni kwa kuwa hakuna cha kuandika. Haikunijia hata siku moja kwamba mtu huacha tupu kwa kuwa maji yamekula maandishi. Na kiolezo hakibishi. Kilichukua ujinga wangu kikauandika mara kumi na nne, vizuri, bila kukosea hata nukta.

Kisha nikakumbuka yadi namba sita. Matoleo ya zamani huwa yanahifadhiwa, nikaifukua ile programu niliyoifuta tarehe kumi Machi. Anwar alikuwa ameongeza mistari miwili: tarehe ikiwa tupu, toa nyekundu. Na juu yake, kama tunavyoachiana maelezo: "Tupu siyo salama. Nimekwenda kufunga tableti yadi sita nikaona stika imefutika kwa maji. Nimwambie Najma."

Nimwambie Najma. Na alikuja kuniambia. Nilimkatiza mbele ya bosi.

Nilimpigia Baba Loveness, haipatikani. Simu zao wanaziacha getini. Nikampigia karani wa yadi sita, inaita tu. Nikaingia kwa Allen, nikamweleza, maneno yanagongana.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akainuka akafunga mlango taratibu. "Najma, kaa. Kunywa maji. Rekebisha, tuma. Kesho asubuhi tableti zikiwashwa zinachukua mpya. Imekwisha. Nani atajua?"

"Na leo je, bosi?"

"Leo tukianza kupiga simu, kesho hatuna mteja hata mmoja. Hao watu wamefungua mia mbili, umesikia kuna aliyekufa?"

Nilimwangalia. Na kibaya zaidi, nitakiandika, kuna sehemu yangu ilitaka kumkubali. Kukaa, kunywa maji, kurekebisha kimya kimya, nibaki Najma asiyekosea. Kama dakika moja hivi nilikuwa upande wake.

Nilipotoka Anwar alikuwa amesimama nje ya mlango, kasikia yote. Hakuniambia nilikwambia. Alisema, "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo. Nipe nusu ya orodha."

Tukagawana yadi. Yeye saba, mie saba. Tulikuwa tunasema kitu kimoja tu: kontena yoyote isiyo na tarehe, msifungue, na mliyofungua tokeni. Wengine walielewa. Mmoja akaniambia, "Dada, mbona mashine inasema kijani? Sie tunafuata mashine." Nikampigia kelele kwamba mashine ni mie, na mie nimekosea! Mafundi chini wakanyamaza kugonga.

Kumi na tatu zilipokea. Yadi sita bado inaita tu.

Nilipanda bodaboda na mvua ile, maji ya Kurasini yamefika kwenye ekseli za malori. Getini mlinzi akataka kitambulisho, nikapita chini ya mkono wake. Mvua ilikuwa inapiga mabati, karani kajibanza kibandani, simu yake iko kwenye chaji, haisikii. Tableti mezani. Kijani.

Kontena aliyonionyesha ilikuwa ya saba kutoka mwisho. Mlango mmoja tu wazi, wa pili wameurudisha mvua isilowanishe mchele. Nikasimama mlangoni nikaita kwa jina lake la ubatizo, sijawahi kumwita hivyo maishani.

"Nikodemu! Tokeni! Nikodemu, toka!"

Walitoka vijana wawili wakinishangaa. Yeye akaja wa mwisho na gunia begani. Alipoona ni mie akacheka.

"Mdogo wangu, kulikoni? Si kijani hii? Si mashine yako?"

Akashusha gunia polepole, akakaa juu yake, akasema ngoja kwanza. Akatapika. Halafu akalala ubavu kwenye maji, mtu mkubwa vile.

Hospitali walimpokea haraka, ila nilimsikia muuguzi akimwambia mwenzake, huyu zahanati walimwandikia taifodi, homa ya mapafu hiyo, mvua hizi. Mama Loveness alikuwa amekwisha fika, futi ya kushonea bado iko shingoni. Daktari, mama mmoja mfupi wa miwani, alikuwa anaandika.

Nilisimama pale. Naapa sijawahi kuogopa vile, hata nilipokuwa nakimbia. Allen alisema nani atajua. Ni kweli, hapo hakuna aliyejua. Ningenyamaza wangemtibu homa ya mapafu.

"Daktari, siyo taifodi, na homa ya mapafu siyo. Ni gesi ya dawa ya wadudu. Ameivuta wiki tatu, na leo tena."

Akainua macho. "Wewe umejuaje?"

"Mie ndiye niliyeandika programu iliyomwambia afungue."

Kalamu yake ilisimama mara moja tu, kisha akaanza kuamrisha watu. Oksijeni, mashine ya moyo, wale vijana wawili waitwe nao waje wapimwe, sasa hivi. Kila mtu akakimbia upande wake, tukabaki sie wawili.

Mama Loveness akavua ile futi, akaikunja, akaikunja, mpaka ikawa kidonge mkononi.

"Wewe, Najma?"

"Mie, dada."

Akanipa mgongo. Afadhali angenipiga.

Jumanne, 15 Aprili

Yuko hai. Daktari anasema mapafu yamejaa maji, siku tatu hizi ndizo za kuogopa.

Jumatano, 16 Aprili

Yuko hai. Mvua.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimeamka nikasikiliza ukuta. Kimya kile. Nilikuwa nakerwa na kikohozi.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Nimemkuta Mama Loveness kwenye korido ya hospitali na rozari. Nilimsalimu, akatazama dirishani. Loveness ndiye aliyenikimbilia, mtoto wa miaka mitano ameelewa nini, akaniuliza kama baba yake amelala kwa sababu ya kukosa chai. Nilikwenda msalani nikalia mpaka mtu akabisha hodi.

Yuko hai.

Jumatatu, 21 Aprili

Wamemtoa oksijeni! Anapumua mwenyewe. Vijana wale wawili waliruhusiwa tangu juzi. Yarabi, nashukuru, nashukuru.

Jumatano, 23 Aprili

Allen kanipa barua ya onyo kwa kupiga simu bila idhini. Siyo kwa mstari ule, kwa simu. Nimeisaini. Kisha nikaandika maelezo yangu mwenyewe kwa watu wa usalama kazini, kurasa tatu, na lile toleo la Anwar nimeliambatisha. Yadi tatu zimeshatukimbia. Sijui kazi yangu itafika lini mwisho, huenda wiki ijayo. Ajabu, hilo haliniogopeshi sana. Kinachoniogopesha ni kitufe. Leo ilibidi kiolezo kibonyezwe upya, kidole kikagoma.

Nilimwita Anwar tukae tusome mstari kwa mstari, yeye kwa sauti, mie nafuatisha. Katikati nikamuuliza lililokuwa linanikaba.

"Baada ya kukukatiza siku ile, mbona hukurudi tena kuniambia?"

Akakuna kichwa. "Sista, tusidanganyane. Tunakuogopaga."

"Akina nani mnaniogopa?"

"Wote. Hata mlinzi."

Nikatazama ile karatasi yangu ukutani, herufi zote kubwa. Nilimwita mtu fundi viraka, kumbe yeye alikwenda yadi akaangalia mlango, mie sijawahi kuiona kontena kwa karibu mpaka juzi. Nimeibandua. Anwar akasema tuiache, sheria yenyewe ni nzuri, tuongeze tu mstari chini. Akaandika kwa kalamu: UKIGUSA, SEMA. UKIAMBIWA, SIKILIZA.

Alhamisi, 1 Mei

Mei Mosi. Baba Loveness karudi nyumbani, amepungua, shati linamcheza. Nilibaki ndani na mlango nimerudishia. Nasikia anavyopanda ngazi mbili za baraza, anapumzika katikati.

Jumatatu, 5 Mei

Aliniita. Sauti yake ndogo imekuwa ndogo zaidi.

"Najma."

Siyo mdogo wangu. Najma.

Nikatoka, nikachuchumaa mbele ya kiti chake. Mama Loveness alikuwa cherehanini, mgongo kwetu. Nilisema niliyopanga kusema wiki tatu: nisamehe, nilikosea, nilionywa nisisikie, na siku mbili nzima nilihisi nikaogopa kuangalia, nikakuacha uende. Hilo la mwisho walikuwa hawalijui. Cherehani ikasimama.

Baba Loveness akanyoosha mkono. "Nionyeshe," akasema.

Nilimletea tableti ya majaribio. Nikaingiza kontena, tarehe nikaacha tupu. Ikawa nyekundu. Chini ya SUBIRI kuna maneno tuliyoongeza mie na Anwar kwenye kiolezo, sasa yako yadi zote zilizobaki: TAREHE HAIJULIKANI. MWITE MPIMA GESI. MILANGO YOTE WAZI, WATU WOTE NJE, IPENI CHAI.

Alisoma kwa kidole, polepole.

"Na ukikosea tena?"

Lilikuwa swali lilelile la mkewe, Machi ile nikacheka. Safari hii sikucheka. Nilisema, "Sijui, kaka. Ninaweza kukosea."

Akanirudishia tableti. "Wiki ijayo narudi kazini."

"Daktari kasema..."

"Kasema nisibebe. Sibebi. Nitakuwa mtu wa milango tu, mnyapara amekubali. Nimkatalie nani, Najma, tumbo la Loveness?"

Jumapili, 11 Mei

Mvua imerudi kwa fujo, hii ndiyo ya kumalizia. Kesho anaanza. Nimeipima programu ya yadi sita mara kumi na tisa. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Bado naogopa. Nilikuwa na uhakika namna hiyohiyo mwezi wa tatu.

Jumatatu, 12 Mei

Saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nafagia barazani pasipo na uchafu wowote. Mama Loveness akatoka na chupa ya chai, ile kubwa ya wageni, akaifunga kwa kanga akamkabidhi mumewe. Kisha akanigeukia. Ni mara ya kwanza kunisemesha tangu hospitali.

"Mashine yako ikisema nyekundu, atakunywa. Ikisema kijani, atakunywa vilevile. Mie mashine siiamini, sikufichi."

"Usiiamini, dada," nikamwambia. "Hata mie."

Akanitazama sana. Akaingia ndani, akarudi na kikombe kimoja cha chai, akakiweka karibu yangu kwenye baraza, akaenda kushona.

Ofisini sikufanya kitu. Simu mezani, nje mvua. Saa tatu. Saa tatu na nusu. Anwar alileta kiti akakaa kando yangu bila kuuliza. Saa nne na robo simu ikaita, namba ya karani wa yadi sita, na kwa muda niliitazama tu kama nge. Anwar akaibonyeza yeye.

"Mdogo wangu."

Nilishika meza. "Abee, kaka."

"Tuna kontena hapa ya kunde. Stika imelowa, haisomeki. Karani kaacha tupu."

"Mashine inasemaje?"

Mvua ilikuwa inapiga mabati ya kule, sikumsikia vizuri. Nikauliza tena, nikapiga kelele. "Kaka, inasemaje?"

"Nyekundu," akasema. Halafu nikasikia anapuliza kitu cha moto. "Mpima gesi kaitwa. Milango tumeiegemeza yote miwili. Tumekaa."

"Wote mmekaa?"

"Wote."

Sikukata simu, na yeye hakukata. Nilimsikiliza akinywa, funda kwa funda, mpaka kikombe kikaisha.